Rimoti za zamani za kurushia ndege ndogo: tuweke moduli za 2.4, au tuziache zilivyo?

Mtoa mada

Wakuu, habari za leo. Ubishi huu umeishinda klabu yetu ya ndege za mfano hapa Uingereza, basi nauleta kwenu. Wapo wanaotaka klabu ipige marufuku rimoti za miaka ya 70 na 80 zilizofunguliwa na kuwekwa moduli za gigahezi 2.4, yaani vifaa vidogo vya kisasa vya kurushia mawimbi. Mimi nasema ziruhusiwe, ila zikaguliwe.

Kwa wasioujua mchezo huu: mpaka katikati ya miaka ya 2000 tulirusha kwa megahezi, 35 hapa Uingereza na nchi nyingi za Ulaya, 72 kule Marekani. Kristali ndani ya rimoti ndiyo iliyoamua chaneli yako. Bendi ya 35 hapa ina chaneli 36, namba 55 hadi 90. Mtu akiwasha chaneli 70 wakati mwenzake yuko angani na 70 hiyohiyo, ndege inaanguka, hakuna mjadala. Ndiyo maana kila uwanja ulikuwa na ubao wa vibanio: kama huna kibanio cha chaneli yako, huwashi. Mwaka 2005 kampuni ya Spektrum ikatoa rimoti ya DX6 ya 2.4, ambayo haigongani na ya mwenzako, na haikuchukua miaka mingi rimoti za Kraft, Skyleader na Multiplex zikahamia kabatini.

Sasa watu wanazitoa. Saketi ya ndani ya rimoti hizo hutoa mfululizo wa mapigo, kila amri (ya injini, ya mabawa) na pigo lake la kati ya milisekunde 1 na 2, na mfululizo mzima hurudiwa kila baada ya milisekunde 20 hivi. Huo ndio PPM. Zamani ulibebwa na mawimbi ya 35. Leo unaingizwa kwenye moduli inayourusha kwa 2.4. Nyaya tatu: chanya, hasi na ishara. Fimbo ambazo vidole vimezizoea zinabaki palepale.

Wanaopinga karibuni.

Mzee wa Kristali

Napinga mimi wa kwanza. Hujatueleza kwa nini hasa unabadilisha. Megahezi 35 bado ni halali Uingereza, hakuna aliyeifuta. Na kwa vile wote mmekimbilia 2.4, bendi ile leo ni tupu kuliko wakati wowote niliorusha ndege. Ukinunua kristali mbili na betri mpya, rimoti yako inafanya kazi ileile iliyotengenezewa.

La pili, mnaharibu. Nimeona Kraft ya kasha la aluminiamu imetobolewa tundu kubwa mgongoni ili antena mpya ipite, na bodi ya mawimbi ya asili imetupwa. Fundi aliyeisanifu alikokotoa koili ya ile antena ndefu kwa mkono. Mmeitupa ili mpate nini? Rimoti ya kisasa yenye moduli kama hiyo mnaipata dukani kwa bei ya viatu.

Waya Mwekundu

Shikamoo mzee. Nipo Marekani, na huku 72 nayo ni halali bado, chaneli 50, namba 11 hadi 60. Lakini huo utupu unaousifu ndio unaonitisha. Ubao wa vibanio umeondolewa kwenye viwanja vingi kwa sababu wanaorusha 2.4 hawauhitaji. Akija mtu Jumapili na rimoti aliyorithi, akaiwasha ajaribu tu, hakuna wa kumuuliza yuko chaneli gani. Zamani hatari ilikuwa kubwa na kila mtu aliichunga. Siku hizi ni ndogo, ila haina mwenyewe.

Na hili la "kuharibu" naomba tulitazame vizuri. Huku watu wamefungua rimoti tangu zamani. Chaneli zilipobanwa, zikapangwa kila kilohezi 20, ilibidi rimoti nyingi zipelekwe kwa mafundi zirekebishwe, na zilizofaa kwa utaratibu mpya wa mwaka 1991 zikabandikwa stika ya dhahabu. Hakuna aliyelia kwamba historia imeuawa.

Bi Risasi

Mimi fundi, nimezifungua nyingi, na nitakuwa mkweli kwa pande zote mbili.

Mtoa mada umerahisisha mno. Hizo "nyaya tatu" zina mitego. Rimoti nyingi za zamani zinatumia betri ya volti 9.6, na ishara ya PPM inaweza kutoka na volti zinazokaribia hizo. Moduli nyingi zinataka 3.3 au 5. Usipoipunguza kwa rezista mbili au transista, umeiua moduli siku ya kwanza. Pili, zipo rimoti ambazo mapigo yake yamegeuzwa, juu ni chini. Tatu, mpangilio wa amri: kampuni ya Futaba inaanza na mabawa, JR inaanza na injini. Ukichanganya, unasukuma fimbo ya injini na mabawa ndiyo yanayocheza. Nne, bodi ya zamani ya mawimbi. Kuna watu wanaiacha na umeme wake, wanang'oa antena tu. Ile bodi bado inarusha, na transista yake ya mwisho inachemka. Kata umeme wake kabisa.

Mzee, nawe hujasema yote. Kasha la chuma linaziba 2.4, kweli, antena lazima itoke nje. Lakini tundu tayari lipo! Antena ndefu ilikuwa inapita pale. Tengeneza kishikio cha plastiki, pitisha ile fupi, na bodi ya asili ifunge kwenye mfuko uihifadhi ndani ya boksi la rimoti. Miaka kumi baadaye mtu akitaka kuirudisha, anairudisha. Anayetoboa kasha la Kraft ni mvivu, na uvivu wake usitumike kumhukumu kila mtu.

Kinachoangusha ndege, kwa niliyoyaona mezani kwangu, si moduli. Ni potenshiometa (rezista zinazosoma mwendo wa fimbo) zilizolika: ukiigusa fimbo katikati, servo, ile mota ndogo ndani ya ndege, inatetemeka. Ni betri za nikeli-kadimi zilizovuja, waya wa hasi umeliwa na kutu mpaka ndani ya plastiki, kwa nje unang'aa. Ni swichi. Matatizo hayo yote yapo hata ukibaki na 35. Kwa hiyo klabu inayokataa moduli huku ikikubali rimoti ileile na kristali yake haijui inaogopa nini.

Tena msidanganyane kuhusu kasi. Moduli za kisasa za ExpressLRS zinatuma pakiti mamia kwa sekunde, lakini ukizilisha PPM ya milisekunde 20, fimbo zako zinasomwa mara 50 kwa sekunde kama mwaka 1975. Umepata mawimbi yasiyogongana, haraka hujapata.

Nyambizi

Nasoma kimya, ila mnaongea kama dunia nzima ni ndege. Sisi wa nyambizi za mfano hatubadilishi, na si kwa ushamba. Maji yanameza 2.4, chombo kikizama kidogo tu, umeachana nacho. Megahezi 40 hapa Uingereza, 75 Marekani, zinafika mita kadhaa chini kwenye maji yasiyo na chumvi. Kristali zenu za 40 mnazotaka kuzitupa kwenye takataka, tuleteeni sisi.

Mgeni wa Dar

Wakuu, mie nimenunua rimoti ya mtumba, imeandikwa 40 mgongoni, haina risiva (kipokezi kinachokaa ndani ya chombo). Nikiweka moduli ya 2.4 kutoka mtandaoni, kwa sheria za huku nitakuwa sawa?

Bi Risasi

Mdogo wangu, hiyo 40 Uingereza ni ya magari na boti, si ya ndege, kwa hiyo usiirushie ndege hata ukipata risiva. Moduli ni chombo cha mawimbi, na huko vyombo hivyo lazima viwe vimeidhinishwa, ndiyo kazi ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Waulize kabla ya kuagiza, usiwaulize baada ya mzigo kukwama.

Mzee wa Kristali

Huyu kijana kaniletea nilichotaka kusema. Idhini! Moduli zenye chipu nne, zinazoigiza lugha ya kila kampuni, ni nani aliyezipima? Tangu Januari 2015 Ulaya inataka chombo cha 2.4 chenye nguvu zaidi ya miliwati 10 kiwe na namna ya kusikiliza kabla ya kusema au kukwepa mawimbi ya wengine, la sivyo kirushe kwa sehemu ndogo tu ya muda. Watu wananunua toleo la Marekani kwa sababu ni rahisi.

Waya Mwekundu

Hapo umenipata, mzee, kwa Ulaya. Huku FCC, wasimamizi wa mawimbi wa Marekani, inamruhusu mtu kujitengenezea vifaa visivyozidi vitano kwa matumizi yake, mradi haviuzwi na havijatokana na "kiti", yaani seti ya vipande vya kuunganisha. Tatizo hiyo "kiti": moduli nyingi za kujiundia huuzwa hivyohivyo, vipande ndani ya mfuko.

Mtoa mada

Nimesoma yote. Nabaki na ruhusa, ila nabadilisha pendekezo langu kwa klabu. Moduli iwe na alama ya idhini na toleo la Ulaya. Bodi ya zamani ikatwe umeme. Mwenye rimoti azime mbele ya mwenzake, ndege ikiwa imeshikwa chini, injini ishuke mpaka mwendo wa kusubiri, isiposhuka, hairuki. Jaribio la umbali kwa nguvu iliyopunguzwa. Na masharti hayahaya, pamoja na ukaguzi wa fimbo na betri, yawahusu wa kristali pia.

Mzee wa Kristali

Wa kristali pia? Risiva yangu ya 35 haijui hata mawimbi yakikatika, itashushaje injini? Kwa sharti hilo umeruhusu zilizobadilishwa na kuzifukuza za asili. Sema wazi kama ndicho unachotaka, tupige kura.

Bi Risasi

Mzee, yako ni PPM tupu. Zipo risiva za 35 za PCM, zinazopokea ishara kwa tarakimu, ambazo hushusha injini mawimbi yakikatika. Lakini hoja yako ni ya haki. Mtoa mada, mjibu.