Mjadala: Tunagombea siku ya Sabato, lakini nani anapumzika?

Wapendwa, nimechoka kuona Wakristo tukirushiana mistari. Huyu anashika Kutoka 20, siku ya saba, kisha anataja amri ya Konstantino, mfalme wa Roma, ya mwaka 321 iliyofanya Jumapili kuwa siku ya mapumziko. Yule anajibu kwamba katika Matendo 20 waumini tayari walikutana siku ya kwanza ya juma kuumega mkate. (Na Kiswahili chetu kinaanza kuhesabu Jumamosi!)

Mimi nasali Jumamosi. Kwa miaka mingi Sabato yangu ilikuwa kazi tupu: kwaya alfajiri, ibada, kikao cha kamati, kikao kingine. Jioni niko hoi, na moyoni sina amani. Siku hizi Ijumaa jua likizama naifungia simu kwenye droo. Wiki za kwanza mkono ulikuwa ukienda mfukoni wenyewe. Ndipo nikaielewa mana ya Kutoka 16, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani. Siku ya sita waliokota ya siku mbili na akiba haikuoza. Waliotoka siku ya saba kutafuta nyingine hawakupata kitu. Kuacha kazi kunahitaji imani kuliko kuifanya.

Nauliza: amani ya Sabato imo katika siku yenyewe, au katika kule kuacha?

JIBU LA 1
Huwezi kuvitenganisha, ndugu yangu. Mwanzo 2 inasema Mungu aliibariki siku ya saba. Kila mtu akijipangia siku yake, wiki ikibana ataisogeza, na mwisho hatakuwa nayo.

JIBU LA 2
Mimi ni muuguzi. Zamu hainiulizi ni siku gani, na mgonjwa hawezi kungoja jua lizame. Paulo katika Warumi 14 anaacha suala la siku kwa dhamiri ya kila mtu. Yesu alimwinua mwanamke aliyepinda mgongo miaka 18, tena siku ya Sabato, na mkuu wa sinagogi akakasirika. Raha yangu ni Kristo, hata nikiwa wodini usiku wa manane.

MLETA MADA
Dada muuguzi, umenigusa, na wala sikuhesabu kuwa umevunja Sabato. Lakini na wewe mwili wako unahitaji siku ya kulala. Yesu alisema Sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu, na wewe umo.

Wa kwanza, hoja yako ya kusogeza siku ni ya kweli, nimeiona kwangu. Ila soma na Kumbukumbu la Torati 5. Pale sababu ya Sabato ni utumwa wa Misri, na mtumishi anatakiwa apumzike kama bwana wake. Hapo ndipo nilipobanwa. Nilikuwa nimekaa na Biblia sebuleni huku nasikia sufuria zikisuguliwa jikoni, na aliyekuwa akizisugua ni binti niliyemwajiri. Sasa chakula kinapikwa Ijumaa, na vyombo vinasubiri hadi Jumapili. Ninyi wenye waajiriwa, siku yenu ya kupumzika wao wanakuwa wapi?