Uzi wa bahati: ilikupata wewe badala ya jirani, tupeane uzoefu (Kanda ya Ziwa karibuni)

mwl_bayo_Ilemela:
Wakuu habari za jioni. Naomba tupeane uzoefu kuhusu bahati. Sio ile ya kusema fulani kajaliwa kanunua gari, namaanisha yale yaliyokukuta, mema au mabaya, ambayo ukikaa ukayachambua unaona kabisa hukustahili wala hukukosea, ilitokea tu ikawa wewe badala ya jirani yako.

Mimi nafundisha bayolojia na tukifika kwenye mageuko ya viumbe wanafunzi wanabisha sana, wanasema haiwezekani kitu cha kubahatisha kikaleta viumbe wazuri hivi. Nawaambia ziwa lenu lile pale. Ziwa Victoria lilikua limekauka, miaka kama 15,000 iliyopita likaanza kujaa upya, na leo furu, wale samaki wadogo wa ziwani, peke yao wamehesabiwa aina zaidi ya 500. Hapa kwenye ghuba yetu ya Mwanza kuna furu wawili wa karibu sana, mmoja madume yake ni ya bluu anakaa maji ya juu, mwingine madume yake ni mekundu anakaa chini zaidi, huyu jina lake la kisayansi ni Pundamilia nyererei, kapewa kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Kule chini mwanga unaofika ni wa wekundu wekundu. Vinasaba vinaponakiliwa makosa madogo hutokea, na kosa halijui samaki anahitaji nini, sasa anayezaliwa na jicho linaloona wekundu vizuri akiwa juu halimsaidii sana, akiwa chini ndo anaona chakula na jike linamuona dume lake. Kosa lile lile, mahali tofauti.

Halafu akaja sangara. Aliletwa na watu miaka ya 1950 na 60, kufika miaka ya 80 kajaa ziwa zima na furu kama aina 200 hawaonekani tena. Waliokua wanaishi kwenye mawe walinusurika wengi kuliko wa maji ya wazi, na hawakuchagua mawe kwa kujua kwamba kuna sangara anakuja. Hilo huwa linanigusa kila nikilifundisha. Haya, leteni zenu.

Nshomile_wa_Kemondo:
Nadhani kila familia ya Kagera na Mwanza ina stori ya MV Bukoba, ile meli iliyozama. Ya kwetu ni mama mdogo, alikua anapeleka ndizi Mwanza. Tarehe 20 Mei 1996 alitakiwa apandie Kemondo, gari lililobeba ndizi zake likakwama huko njiani akasema basi ntaenda na safari nyingine. Jirani yake ambaye hakua na safari kabisa siku hiyo akasema kama wewe huendi ngoja niende mimi nikamsalimie binti yangu. Asubuhi ya tarehe 21 meli ikapinduka Mwanza ikiwa karibu kabisa, watu zaidi ya 800 wakafa, jirani hakurudi.

Sasa mama mdogo miaka ile kanisani alikua anaitwa mbele atoe ushuhuda jinsi Mungu alivyomuokoa, na mume wa yule jirani anasali kanisa hilo hilo, yuko pale anamsikiliza. Ikafika siku akakataa kusimama. Akamwambia mchungaji, nikisema mimi niliokolewa huyu baba aelewe nini kuhusu mke wake? Nilikua mdogo lakini mpaka leo nikisikia mtu anasema "mimi Mungu alinipenda nikakosa ile meli" nashtuka. Maana tunaowasikia ni waliochelewa wakakosa meli, wale waliochelewa wakakimbia wakaiwahi hawapo wa kutusimulia.

mkazi_Igoma:
Pole sana Nshomile kwa jirani yenu. Mimi nakaa Igoma, makaburi ya wale watu yako huku kwetu, kwa hiyo naomba niongezee kitu na nakisema kwa uchungu. Nani alikuwemo ndani ilikua bahati, hapo sina ubishi. Meli kuzama haikua bahati. Ile meli uwezo wake ilikua abiria 430, piga hesabu mwenyewe na hiyo idadi ya waliokufa. Na 20 Septemba 2018 ikajirudia kule Ukara, MV Nyerere, kivuko cha abiria 101 wakafa watu 228. Fundi wa injini alitolewa mzima siku mbili baadae kwa sababu alijikuta kwenye sehemu iliyobaki na hewa, hiyo naiita bahati na namshukuru Mungu kwa ajili yake. Ila kujaza watu kupita kiasi tusikuite bahati mbaya jamani, kuna mtu alikata tiketi.

mama_wawili_Buzuruga:
Nimesoma hapo juu kuhusu makosa ya vinasaba nikasema leo naandika. Mwanangu wa kwanza ana siko seli. Alianza kuvimba vidole vya mikono na miguu akiwa mchanga, analia usiku kucha, tukazunguka sana, mara tuambiwe ni meno, mara tumbo, kuna mahali tulitibiwa malaria mara nyingi bila hata kupimwa. Upande wa mume wakaanza kusema mimi ndo nimekuja na mkosi, kwao hakujawahi kutokea kitu kama hicho, mama mkwe akasema kabisa ukoo wa huyu mwanamke mlichunguza? Nilikonda mimi jamani.

Tulipofika hospitali ya Bugando wakatupima wote. Mimi AS, mume wangu AS, yani tumebeba kinasaba kimoja cha siko seli bila kuumwa. Nesi mmoja mama wa makamo akatukalisha, akamwambia mume wangu baba na wewe umetoa nusu. Akatueleza kila mimba ni kama kurusha shilingi mbili, moja yako moja ya mwenzio, robo ya nafasi mtoto anatoka SS anaumwa, nusu anakua AS kama nyie, robo anatoka AA, hajabeba kabisa. Mume wangu akauliza kwa hiyo huyu akiwa mgonjwa watatu wanaofuata ni salama? Nesi akasema hapana, mimba haikumbuki mimba iliyopita, kila moja inaanza upya. Wa pili alitoka AS. Sikufanya chochote tofauti, nilikula vile vile nikasali vile vile.

mwl_bayo_Ilemela:
Mama asante sana kwa kuliandika hili. Na ile kauli ya "kwetu hakujawahi kutokea" naomba niijibu kwa hesabu maana inavunja ndoa nyingi. Wazazi wote wawili wakiwa AS wakazaa watoto watatu, nafasi ya wote watatu kutoka bila ugonjwa ni robo tatu mara robo tatu mara robo tatu, inakuja kama 42 kwa 100. Yani familia karibu nusu za namna hiyo zenye watoto watatu hazijui kabisa kama zimebeba. Huku kanda ya ziwa waliobeba ni wengi, karibu mtu mmoja kwa kila watano, na sababu ni malaria, mwenye AS halemewi na malaria kali kirahisi. Anthony Allison alilionyesha hilo mwaka 1954 kwa utafiti wa huku huku Afrika Mashariki. Kwa hiyo kile alichoitwa mkosi huyu mama ndicho kilichowavusha babu zetu wa pembeni ya ziwa kwenye mbu.

mtumishi_Nyakato:
Mimi siamini bahati, hakuna kinachotokea nje ya mpango wa Mungu.

mwl_bayo_Ilemela:
Mtumishi hata mimi nasali. Ninachokataa ni sisi kujifanya tumeusoma huo mpango, mpaka tukamwambia mama fulani mtoto wako anaumwa kwa sababu umekosea.

mpenzi_wa_Kamanga:
Yangu fupi. Nilikosa kivuko cha saa nane pale Kamanga kwa sababu konda wa daladala hakua na chenji ya kunirudishia nikasimama kumsubiri, nikapanda kinachofuata, nikakaa karibu na kaka mmoja ana kuku kwenye tenga. Ndo baba wa watoto wangu. Huwa namwambia ungekua na haraka kidogo tu siku ile hawa watoto wasingekuwepo, wangekuwepo wengine.

mvuvi_Nansio:
Mimi ni mvuvi na nitasema jambo zito kidogo. Uvuvi ni bahati kweli kweli, mitumbwi miwili mnatoka mwalo mmoja mnatega karibu karibu, huyu anarudi na sangara wakubwa na mabondo ya maana, vile vibofu vya ndani ya samaki, wewe unarudi na mafuta ya deni kwa tajiri. Ukikaa na hali hiyo muda mrefu kichwa kinatafuta sababu, na hapo ndo mganga anapoingia.

Mdogo wangu wa kike ni albino. Mnakumbuka miaka ile kuanzia 2006 hivi huku kwetu, Mwanza, Shinyanga, Geita. Watu walikua wanauawa na kukatwa viungo, watoto wadogo, eti upate dhahabu kwenye duara la mgodi au samaki ziwani. Nimekaa kambi ambayo mtu anaongea mbele yangu bila aibu kwamba nywele zao zikisukwa kwenye nyavu hukosi samaki, hajui nyumbani kwetu kuna nani. Nilikusanya vitu vyangu nikahama kambi. Mdogo wangu alikua anasindikizwa shule na kurudi, usiku analala katikati yetu, mama halali.

Kilichoniuma ni hiki. Yeye kuzaliwa vile ni hesabu hiyo hiyo ya mama wa Buzuruga, baba kabeba na mama kabeba bila kujua, robo ya nafasi kwa kila mimba, mimi nikatoka mweusi yeye akatoka mweupe, tumbo moja. Tanzania ni kama mtu mmoja kwa kila 1,400. Halafu watu wanaotafuta bahati wanakuja kumwinda. Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli Januari 2015 na nilishukuru, lakini mwalo bado unasikia maneno. Kama kuna mvuvi anasoma hapa, samaki walikosekana kwa sababu ya mwezi, au upepo, au tumewavua wote na nyavu za makokoro. Mdogo wangu hajawahi kukutana na nyavu zako.

mkazi_Igoma:
Mvuvi nimesoma nimekaa kimya muda mrefu. Mdogo wako yuko salama sasa?

mvuvi_Nansio:
Yuko salama mkuu, ana duka la nguo na mtoto mmoja. Tatizo lake la sasa ni jua, mafuta ya kujipaka ya ngozi ni ghali na mara nyingi hayapatikani huku kisiwani, ukimuona albino mwenye kidonda kisichopona usoni mwambie awahi hospitali.

boda_Mabatini:
Mimi nilitaka kuleta stori ya mkeka wa kubeti mpira maana nilishawahi kula hela nzuri, nikanunua hii pikipiki, ila baada ya hapo nimechana mikeka mpaka basi. Mwalimu hebu nipigie hesabu, mechi kumi, zote timu kubwa zinacheza nyumbani.

mwl_bayo_Ilemela:
Tuseme kila mechi una uhakika wa asilimia 70, ambao ni mkubwa. Kumi zote kutiki ni kama mara 3 kwa 100. Nafurahi ulipata pikipiki mdogo wangu, lakini mkeka ujao haujui kama uliwahi kushinda, na kampuni imeshapiga hii hesabu kabla yako.

boda_Mabatini:
Daah sawa. Ila kilichonishtua zaidi ni hiyo siko seli. Nina mchumba, tunatarajia kwenda kwao mwezi ujao na dada yake mchumba alifariki mdogo akiwa anaumwa umwa viungo. Tunaanzia wapi?

mama_wawili_Buzuruga:
Mdogo wangu nendeni wote wawili siku moja, asiende mmoja akamletea mwenzie karatasi. Ni damu kidogo tu, ulizeni hospitali ya wilaya au ya mkoa kipimo cha kuonyesha kama ni AA au AS, kile cha haraka cha kusema ndio au hapana peke yake hakitoshi. AS sio ugonjwa, usije ukamuogopa. Mmoja wenu akiwa AA hamtapata mtoto wa SS. Mkikuta wote AS msikimbilie kuachana wala msifiche, ombeni mtaalamu awakalishe awaeleze kama sisi tulivyoelezwa, maana siku hizi mtoto akigundulika mapema kuna dawa, wangu anatumia haidroksiyurea na yuko darasa la tano. Na mwambie mchumba wako mapema, kabla ya kwenda kwao.