Dreva yangu ya gofu imepoteza yadi 20 ghafla: ninunue mpya, nibadilishe shafti au nirudi kwa kocha?

Mchanga_wa_Kumi (Dar)

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kabla sijachomoa hela.

Nina miaka 47, handikapu 16 (kipimo cha kiwango, ikiwa ndogo ndiyo bora), nacheza uwanja wa Lugalo Jumamosi asubuhi na siku moja ya katikati ya wiki kazi ikiruhusu. Dreva yangu, ile fimbo ya pigo la kwanza la mbali, uso wake umelala nyuzi 10.5, ni toleo la 2019, nimekaa nayo miaka minne bila ugomvi. Nikiipiga vizuri ilikuwa yadi 230. Sasa huu mwezi wa pili, nikiipatia kabisa naambulia 210, ikizidi sana 212. Mpira unapanda kama unatafuta ndege, unasimama huko juu, unashuka. Ukigusa nyasi ndiyo basi, hauviringiki.

Kedi wangu, anayenibebea fimbo, ni mzee asiye na maneno mengi. Kwenye shimo moja ambalo miaka yote pigo la pili ananipa fimbo ya ayani namba 8, Jumamosi alinichomolea namba 6, ya kwenda mbali zaidi, bila hata kuniuliza. Iliniuma kuliko yadi zenyewe.

Nimegawanyika mara tatu:

1. Dreva mpya. Nimetajiwa milioni moja na nusu na ushee.
2. Shafti (mpini wa fimbo) laini zaidi, maana rafiki yangu anasema ni umri tu.
3. Masomo matano kwa kocha.

Nawasilisha.

BogiTupu (Arusha)

Mkuu, nunua. Dreva ni kama shokamzoba, inachoka. Miaka minne ya kupigwa uso umeshalegea. Mimi yangu niliibadilisha mwaka jana nikapata yadi 15 siku hiyohiyo.

Fundi_Shingo (Moshi)

BogiTupu, hizo yadi 15 sikatai, ila sababu uliyotoa ni ya kinyume. Uso wa titani hauchoki kwa kupoa. Kadiri unavyogongwa ndivyo unavyozidi kurusha, mpaka siku unapasuka. Ndiyo maana Mei 2025 kwenye PGA Championship pale Quail Hollow, dreva ya mchezaji wa kulipwa Rory McIlroy ilikataliwa kwenye upimaji kabla ya mashindano, na ya mwenzake Scottie Scheffler vilevile. Hazikukataliwa kwa uzee, zilikuwa zimevuka kikomo cha kurusha. Kile kipimo kinahesabu muda ambao chuma kidogo cha pendulamu kinakaa kwenye uso: mikrosekunde 239, na msamaha wa 18 juu yake. Scheffler akachukua dreva ya akiba akashinda nayo.

Kwa hiyo uso una hali mbili tu, mzima au umepasuka. Ukipasuka, sauti inabadilika. Ile "ting" inakuwa "pu", kama umepiga boga.

Mchanga, kabla hatujalinganisha hayo matatu yako nijibu haya. Sauti imebadilika? Mbao namba 3, fimbo inayoifuata dreva kwa umbali, nayo imepungua? Mpira unapanda tu, au unakwenda na pembeni? Na ilianza siku gani hasa? Kitu kilichoondoka ghafla kina tarehe yake. Umri hauji Jumanne.

MzeeWaNyali (Mombasa)

Kijana, kabla ya fundi na duka, angalia mti. Kusi limeingia. Huku pwani mpira unaopanda juu ukikutana na kusi unarudi kama umeitwa. Mimi kuanzia mwezi wa tano nashusha tii, kile kijiti cha kuwekea mpira, nusu inchi na napiga chini. Upepo ukigeuka kaskazi, mashimo yale yale yanakuwa mafupi. Nimeishi na hilo miaka thelathini na sijapeleka fimbo kwa mtu.

Mchanga_wa_Kumi

Mzee wangu shikamoo. Nakubaliana na wewe kuhusu kusi, ila naanza saa 12 na nusu, upepo haujaamka. Tena shimo la kwanza na la mwisho zinaelekea pande tofauti, na zote zimepungua.

Fundi: sauti sidhani kama imebadilika. Mbao namba 3 iko palepale, 205. Ndicho kinachonitia wazimu, zimebaki yadi tano tu kati yake na dreva. Mpira ukipanda unaegemea kushoto kidogo, ila nimejifunza kuushikilia. Na ilianza niliporudi Nairobi. Nilikwenda kikazi wiki mbili, nikacheza raundi tatu, nilipiga vizuri tu. Nimerudi Dar, Jumamosi ya kwanza tu nikaona mambo yamebadilika.

Karen_Saa_Kumi_na_Mbili (Nairobi)

Haha, kesi imeisha hapo boss. Nairobi tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Hesabu ya haraka ni asilimia moja na kidogo kwa kila mita 300, so huku unaongezewa asilimia 6 hivi, hata zaidi. Ulizoea ya huku, ukashuka baharini ukadhani umeibiwa. Sisi tukienda Diani siku ya kwanza kila mtu analia, siku ya pili anachukua fimbo moja zaidi na maisha yanaendelea. Usinunue kitu bana.

Mchanga_wa_Kumi

Hiyo ingeniridhisha kama ningekuwa nalinganisha na Nairobi. 230 yangu ni ya hapahapa Dar, ya miaka minne.

BogiTupu

Basi umri mkuu, pole 😂

Yakhe_wa_Maskati (Omani)

Ndugu yangu, hakuna aliyekutajia gundi. Hapa Maskati mwezi wa saba ukiacha fimbo kwenye buti la gari unapika chapati juu yake. Gundi inayoshika shafti inalainika. Rafiki yangu kichwa cha dreva kilikuwa kinajizungusha nukta kidogo kila akipiga, hana habari, anamlaumu kocha. Shika kichwa kwa mkono mmoja, gripu (pa kushikia) kwa mwingine, kamua kama unayekamua nguo. Kisha angalia pale shafti inapoingia shingoni, kile kipete cheusi cha plastiki. Kikiwa kimepanda kikaacha mwanya, usipige tena, kitaruka kikamuumize mtu. Na Dar nayo si Ulaya kwa joto.

Leicester_Mvua (Uingereza)

Huku kwetu jibu lingekuwa baridi, mpira ukipoa unakuwa kama jiwe, ila Dar hiyo haipo. Naongeza moja tu: mipira unayotumia ni ileile? Ile ya kuokotwa majini iliyooshwa ikang'aa inaonekana mipya, lakini iliyolala majini muda mrefu hairuki sawasawa.

Mchanga_wa_Kumi

Mipira ni ileile, boksi jipya. Nimekamua kama alivyosema Yakhe, haichezi, kipete kipo mahali pake.

Fundi_Shingo

Vizuri, tunapunguza. Sasa nirudi kwenye yale matatu, maana kila moja ni dawa ya ugonjwa tofauti na hujapimwa bado.

Dreva mpya ni jibu la uso uliopasuka, basi. Kama uso ni mzima, ya mwaka huu haikupi yadi 20 juu ya ya 2019, kwa sababu zote zimebanwa na kikomo kilekile. Zinachotofautiana zaidi ni msamaha ukikosea katikati. Chukua spiriti ya dukani, lowesha pamba, futa uso wote na mshono unapokutana na taji, yaani juu ya kichwa, kisha futa kwa kitambaa kikavu. Kama kuna ufa, spiriti iliyojificha itachora mstari mwembamba unaochelewa kukauka.

Kocha ni jibu la kupiga nje ya katikati. Ukigusa chini ya uso mpira unapata mzunguko mwingi wa kurudi nyuma, unapanda na kufa kama huo wako. Chukua kalamu ya ubao mweupe, weka doa nene kwenye mpira, doa liangalie uso wa fimbo. Piga mipira kumi, kila mmoja utaacha alama pale ulipogusa. Hata kocha ukimwendea, nenda na picha ya hizo alama, utaokoa somo zima.

Shafti laini naiweka mwisho kabisa. Ni jibu la mtu aliyepungua kasi, na aliyepungua kasi anapungua kwenye fimbo zote. Mbao yako namba 3 inakutetea. Tena shafti laini kwa mtu ambaye mpira wake tayari unapanda na kwenda kushoto, unamwongezea petroli kwenye moto.

Ukipata mtu mwenye kirada cha kupima kasi, hata kile kidogo cha kuweka chini, gawanya kasi ya mpira kwa kasi ya fimbo. Dreva ikipigwa katikati inakaribia 1.5. Ukipiga katikati ukapata 1.3, hapo nitakuruhusu kwenda dukani.

Mchanga_wa_Kumi

Majibu, siku tatu baadaye. Nimefanya vyote, mke wangu anauliza kwa nini nanuka spiriti.

Ufa hakuna. Nimefuta mara mbili, mara ya pili jua likiwa limelala ili nione vizuri.

Alama za kalamu: mipira kumi, saba iko katikati au juu kidogo ya katikati, miwili kwenye ncha, mmoja kisigino. Chini hakuna hata mmoja.

Kirada cha jirani: fimbo maili 92 kwa saa, mpira 133. Inakuja 1.45 hivi. Umbali uwanjani: 211.

Sasa nimechanganyikiwa zaidi. Uso mzima, napiga katikati, kasi ipo. Yadi zimekwenda wapi?

MzeeWaNyali

Zimekwenda juu, kijana. Umesema mwenyewe siku ya kwanza, mpira unatafuta ndege.

Fundi_Shingo

Mzee kapiga kwenye mfupa. Mpira unatoka na kasi yake yote, unaitumia kupanda. Na mimi nimesoma tena uzi huu toka juu nimeona kitu tulichokiruka wote, Karen akiwemo.

Mchanga, Nairobi ulipiga umbali gani? Nataka namba.

Mchanga_wa_Kumi

Kama nyumbani. 225, 230. Ndiyo maana nasema nilipiga vizuri.

Fundi_Shingo

Hapo ndipo. Karen katuambia huko unaongezewa asilimia 6 na ushee. 230 yako ya Dar ilitakiwa kuwa kama 245 Nairobi. Uliyopata ni 226 au 227, na hiyo ukiiteremsha baharini inakuwa 212 uliyonayo leo. Hukupoteza yadi uliporudi. Ulikuwa umeshazipoteza kulekule, mwinuko ukakufichia.

Sasa fimbo ilisafirije? Uliivua kichwa?

Karen_Saa_Kumi_na_Mbili

Wueh. Nimekaa kimya.

Mchanga_wa_Kumi

Niliivua. Mfuko wangu wa safari ni mfupi, dreva haiingii. Nilifungua skrubu ya chini, kichwa nikakiweka ndani ya soksi katikati ya nguo, nikakirudisha hotelini usiku nikiwa nimechoka. Kwenye shingo kuna kile kipande chenye herufi na nukta cha kubadilishia nyuzi za uso. Sikukiangalia. Nilisukuma kikaingia, nikakaza.

Nimetoka kuichukua kwenye gari sasa hivi. Alama iliyo mbele ya mstari ni ya kuongeza nyuzi 1.5.

Fundi_Shingo

Basi miezi miwili umecheza na dreva ya nyuzi 12. Na kipande hicho kikizungushwa kuongeza nyuzi, uso unafunga pia, ndiyo huo mpira wa kushoto uliokuwa "unaushikilia". Rudisha alama ya kawaida, kaza kwa ile spana ndogo iliyokuja nayo mpaka ilie "tak". Ikilia acha, usiongeze nguvu ya kiume, utaharibu uzi wa skrubu.

Yakhe_wa_Maskati

Soksi! Wallahi tulikuwa tunampeleka mtu hospitali ya moyo kumbe kavaa viatu kinyume.

Mchanga_wa_Kumi

Ripoti ya Jumamosi. Mipira mitatu ya kwanza yote ilikwenda kulia, mmoja vichakani. Mikono ilishazoea kuushikilia mpira usiende kushoto, sasa hakuna kushoto tena, nashikilia hewa. Nikalegeza. Kuanzia shimo la sita mpira ukaanza kutoka chini na kuviringika. Mrefu kuliko yote ulikuwa 224, mingine 218, 220. Haijarudi yote, lakini dukani siendi. Masomo nimelipia mawili badala ya matano, kwa ajili ya hiyo mikono tu.

Kwenye lile shimo, kedi alinipa ayani namba 7. Nikamwambia kesho kutwa utanipa 8. Akasema, "Tutaona."

Tii_ya_Mwanzi (Entebbe)

Nimefuata uzi huu kimya tangu mwanzo, nami dreva yangu imekatika yadi 15 mwezi huu. Ila yangu ni ya 2008, haina skrubu wala herufi, na sijasafiri. Nianzie wapi?

Fundi_Shingo

Mbao namba 3 inakwenda kama zamani?

Tii_ya_Mwanzi

Ndiyo. Ila dreva siku hizi inalia "pu".

Fundi_Shingo

Katafute spiriti.