Mbunge kauliza LINI, Naibu Waziri kajibu "kadri ya upatikanaji wa fedha". Hivi hawa watu wanatuonaje?

Wakuu salaam. Mods naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa posho za wabunge, ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kuna mtu humu bado anafuatilia maswali na majibu pale bungeni Dodoma asubuhi? Mimi nafuatilia na ndo maana presha haishuki. Anasimama mbunge, "je, ni lini Serikali itakamilisha boma la zahanati ya kijiji fulani?" Sikilizeni hilo swali, ni LINI, hata mtoto wa la tatu akiulizwa lini anajibu Jumamosi. Anainuka Naibu Waziri, kwa niaba ya Mheshimiwa Waziri naomba kujibu kama ifuatavyo, Serikali inatambua umuhimu wa kusogeza huduma karibu na wananchi, shukrani kwa Mheshimiwa Rais kwa kumwaga fedha, pongezi kwa mbunge kwa jinsi anavyowapambania wananchi wake, halafu mwishoni kabisa ndo linakuja lenyewe, Serikali itaendelea kukamilisha maboma KADRI YA UPATIKANAJI WA FEDHA. Meza zinapigwa. Swali linalofuata.

Na msije mkasema jamaa kashtukizwa. Swali la msingi linapelekwa kwa maandishi mapema, wizara wanalo, TAMISEMI wanaulizia halmashauri, mkurugenzi anamtafuta mganga mkuu wa wilaya, mganga mkuu anamtafuta mtendaji, majibu yanapanda ngazi kwa ngazi mpaka Dodoma. Watu wazima wote hao wanalipwa mshahara na wanajua hilo boma liko wapi na limeishia wapi, halafu kinachotoka mwisho ni sentensi ambayo ingeweza kuandikwa bila kumpigia mtu yeyote simu.

Sasa niwaambie kwa nini linaniuma. Kijijini kwetu, wilaya siitaji maana wanajuana, tulichangishwa zahanati. Kila kaya hela, asiye na hela anasomba mchanga au anafyatua tofali, na aliyekwepa alifuatwa na mgambo mpaka nyumbani. Tuliambiwa nyie fikisheni lenta, Serikali itaezeka. Tukafikisha lenta. Leo ukiingia kile chumba kilichopangwa kuwa cha kujifungulia kuna mpapai katikati, umepita lenta na unazaa vizuri tu, watoto wanapanda ukutani kuchuma. Tofali za juu zinamong'onyoka kila masika. Wajawazito wanapakiwa bodaboda kwenda kituo cha afya kata ya jirani, na mvua ikinyesha bodaboda wenyewe wanagoma kwa ile njia. Mbunge kashauliza bungeni, tukajibiwa hayo hayo ya kadri.

Kumalizia boma moja la zahanati Serikali yenyewe imezoea kupeleka milioni 50, hiyo hesabu wanaitaja wao wenyewe bungeni kila mkutano. Bajeti ya 2025/26 ni trilioni 56.49. Hebu chukueni kalkuleta. Halafu hili la zahanati sio wazo jipya eti tunasubiri watafiti, MMAM, ule mpango wa maendeleo ya afya ya msingi, ilianza 2007 na ilitakiwa iishe 2017, ilisema zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule mpango ulipoanza sahivi anapiga kura na zahanati hana.

Najua kuna watakaokuja na "vituo vya afya vimejengwa vingi, nyie hamridhiki". Vimejengwa ndio, sikatai, hela za tozo za miamala ya simu zimejenga na watu wanatibiwa. Ila mtu kauliza cha kwake kitaisha lini, kumsomea orodha ya vya wengine sio jibu.

Kinachoniudhi zaidi ni wabunge wenyewe. Kanuni zinampa aliyeuliza nafasi ya kubana, maswali ya nyongeza mawili. Hapo ndo pa kumkaba mtu, mheshimiwa hizo fedha zipo kwenye kasma (fungu la bajeti) ipi, mwaka upi wa fedha, mlitenga ngapi na hadi leo Hazina imetoa ngapi? Maana wote tunajua bajeti inaweza kusoma bilioni na kilichofika halmashauri kikawa robo yake, na hilo la zilizotoka ndo wanaliogopa. Sasa mbunge wetu anafanyaje? "Ahsante Mheshimiwa Spika kwa majibu MAZURI ya Serikali, naomba kuuliza maswali mawili madogo ya nyongeza." Mazuri yapi?? Umeuliza lini hujajibiwa lini unasema mazuri! Halafu hayo madogo, moja ni je waziri yuko tayari kuongozana nami baada ya Bunge akajionee, la pili ni kuhusu kijiji kingine. Waziri yuko tayari, siku zote yuko tayari. Wakija ni ngoma, khanga, na picha mbele ya mpapai.

Sababu mnaijua ila hatuisemi. Ibara ya 63 ya Katiba inampa mbunge haki ya kumuuliza waziri yeyote swali lolote la mambo ya umma lililo kwenye wajibu wake. Safi. Rudi nyuma kidogo Ibara ya 55, mawaziri na manaibu wanateuliwa kutoka humohumo bungeni. Kwa hiyo huyu anayeuliza leo anaota unaibu kesho, na anayejibu jana tu alikuwa kiti cha nyuma anauliza maswali hayohayo ya jimbo lake. Nani atamkaba nani? Spika mzima Ndugai alipoongea kuhusu mikopo, eti nchi ipo siku itapigwa mnada, Januari 2022 akajiuzulu. Sasa kama Spika alitoka hivyo unategemea mbunge wa viti vya nyuma amtoe jasho waziri wa fedha?

Umeme ndo kichekesho chenyewe. Ukisikia "vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa" unadhani nchi nzima inawaka. Nenda kaangalie kufikiwa kwenyewe, nguzo zimefuata barabara, zikawasha ofisi ya kijiji, shule, na nyumba za pale senta, kijiji kikawekwa tiki. Vitongoji viko zaidi ya elfu 64 na hapo ndo watu wanapolala. Mwananchi ana ile 27,000 yake ya kuunganishiwa mfukoni, nguzo anaiona kwa mbali, anaenda TANESCO anaambiwa kitongoji chako hakipo kwenye mradi huu. Mbunge akiuliza, waziri anajibu kijiji hicho kilishafikiwa. Na hajadanganya! Hapo ndo wanapokuudhi, kila neno ni kweli na wewe bado uko na kibatari.

Upande wa matumizi usiseme. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, inawekwa mezani Aprili, mitandao inawaka wiki mbili, bajeti inapitishwa Juni, na ripoti yenyewe ikija kujadiliwa bungeni unakuta ni Novemba kama 2023 ilivyokuwa. Hela mpya wameshapewa taasisi zilezile. ATCL, shirika letu la ndege, ripoti ya 2022/23 ilionyesha hasara bilioni 56.64 kutoka 35 na ushee mwaka wa nyuma yake, majibu yanayokuja ni shirika lipo kwenye kipindi cha mpito na ndege zilikuwa matengenezo. Sawa, inawezekana. Lakini hawahawa mwaka 2016 walitwambia TBC haiwezi kurusha Bunge laivu kwa sababu ni bilioni 4.2 kwa mwaka, gharama kubwa. Kumwonyesha mwananchi jinsi hela zake zinavyoulizwa ndo gharama.

Wenzetu Uganda bunge lao lina kamati maalum ya kufuatilia ahadi za serikali, waziri akiahidi kitu bungeni kuna watu kazi yao ni kurudi kumuuliza kiko wapi. Wasamaria hao sijui wanafanikiwa kiasi gani ila angalau kuna mtu anaandika. Sisi ufuatiliaji wetu ni mbunge kuuliza swali lilelile mwaka unaofuata, na akishindwa uchaguzi anakuja mwingine anaanza moja.

Kwa hiyo naomba hivi. Taarifa rasmi za Bunge ziko wazi kwenye tovuti yao, zina tarehe na namba ya swali. Tafuta la jimbo lako, liweke hapa chini, mwaka lilipoulizwa, waziri alijibu nini, na leo hiyo barabara au kisima au zahanati ikoje, picha kama unayo. Wale wa chama njooni pia, ila mje na tarehe.