Montessori, Reggio au Waldorf: wa miaka mitatu na nusu apelekwe wapi?

MamaWawili: Wadau, habari zenu. Nimetembelea shule tatu za awali, kila moja na mfumo wake wa kufundisha kati ya hiyo mitatu. Zote zinasema mtoto anajifunza kwa kucheza, lakini ukiingia ndani hazifanani hata kidogo. Binti yangu hatulii. Nipeni tofauti.

Mwl_Chekechea: Angalia nani anaamua mtoto achezee nini, na kwa namna gani. Montessori (ilianzia Roma, 1907) mtoto anachagua mwenyewe, ila kila kifaa kina matumizi yake. Mfano mnara wa waridi: vipande 10 vya mchemraba vya kupanga kimoja juu ya kingine, kidogo kabisa upande sentimita 1, kikubwa 10. Akikosea mpangilio anaona mwenyewe, mwalimu hafungui mdomo. Na wenyewe wanaita kazi, si mchezo. Reggio Emilia, watoto wakivutiwa na vivuli, basi wiki nzima ni vivuli: kwa taa, kwa udongo, kwa rangi, na mwalimu anaandika wanayosema. Waldorf ni hadithi, kuigiza, kukanda unga. Kusoma rasmi kunasubiri hadi karibu miaka 7.

Kiroboto: Reggio, bila kufikiri mara mbili. Wangu aligeuza ule mnara kuwa treni, akaambiwa aurudishe rafuni. Treni ilikuwa na mabehewa saba jamani!

Mwl_Chekechea: 😂 Hapo hata mimi pananikera. Ila nimefundisha watoto ambao uhuru ukizidi wanazurura tu, hawashiki kitu. Kwao rafu yenye mpangilio ni nafuu.

BabaPacha: Msiamini mabango. Nchi nyingi jina la Montessori halina mwenyewe, yeyote analibandika getini. Pacha wangu walikaa muhula mzima kwenye "Montessori" ambayo vifaa vilifungiwa kabatini, watoto wanakariri a e i o u kwa pamoja. Nikawahamisha.

Mpita_Njia: Mbona HighScope hamuitaji? Mtoto anasema atafanya nini, anafanya, kisha anasimulia alichofanya. Kwa asiyetulia inasaidia.

MamaWawili: Mume wangu anaogopa darasa la kwanza litamkuta hajui kusoma.

Mwl_Chekechea: Kama shule mnayoitegemea inapokea wanaosoma tayari, Waldorf itawapa presha. Montessori wana herufi za msasa, mtoto anazipitisha kidole hata kabla ya kushika penseli. Ila usichague kwa kusoma peke yake. Omba ukae kwenye kona saa nzima, uhesabu mara ngapi mwalimu anamkatiza mtoto aliyezama kwenye jambo lake.

MamaWawili: Mrejesho: leo nimekaa ile ya Reggio. Binti kamimina maji kwenye faneli dakika arobaini, nimeangalia saa. Mwalimu kaja mara moja tu, kamwongezea mpira mrefu wa kupitishia maji, kaondoka. Amerudi kalowa mpaka soksi. Kesho zamu ya Montessori, nabeba nguo za kubadilisha.