Eti gitaa langu lina MAKENGEZA!! Yule muuza vyombo wa Kariakoo leo kanivunjia heshima mbele ya watu

Besi_ya_Chini

Wakuu naandika nikiwa kwenye daladala ya Gongo la Mboto, gitaa liko mapajani na mikono inatetemeka mpaka simu inataka kudondoka. Yule jamaa wa duka la vyombo vya muziki Kariakoo, simtaji, mnamjua, yule miwani inakaa utosini na kila kinanda anakijaribu kwa wimbo uleule tangu tukiwa wadogo. Leo kanivua nguo mchana kweupe.

Nimeenda kwa jambo dogo tu, nataka seti ya nyuzi tano na anishushie nyuzi kidogo maana hili joto na unyevu wa Dar shingo imevuta, ukifika freti ya 12 (vile vyuma vya shingoni) unaweza ukapitisha mwiko chini ya nyuzi. Nafungua begi natoa gitaa langu la besi, Ibanez SRMS805, ile maltiskeli, yaani kila uzi una urefu wake, shemeji kanibebea toka Dubai baada ya mimi kula mihogo miezi kumi na nne. Jamaa akaliangalia. Akashusha miwani. Akalinyanyua juu kama anadi changu pale Feri, akaita duka zima: "Njooni muone, gitaa lina makengeza!"

Makengeza. Wakuu, MAKENGEZA. Wateja wakacheka, mafundi wakatoka stoo kuja kucheka, yule dogo wa kubandika bei akakaa kabisa chini, na mama mmoja aliyekuja kununua kayamba za watoto wa kanisani akanigusa bega akaniambia pole mwanangu. Pole ya nini, nimefiwa?

Haikuishia hapo, eti kiwandani walilewa, freti zimekaa upogo, nimwachie mpaka Jumatano atazing'oa zote 24 azipange upya zinyooke, elfu themanini. AZINYOOSHE. Na koleo kashashika! Nililivuta gitaa langu kama mzazi anavuta mtoto barabarani.

Freti zimetandaa vile makusudi, kama vidole vya mkono uliofunuliwa, uzi mwembamba wa G una inchi 34 na ule mnene wa B una inchi 35.5, uzi mnene ukiwa mrefu unakaza vizuri kwa noti ileile, hauyumbi kama kamba ya kuanikia nguo. Fungua piano uone ndani, nyaya za besi ndefu, za juu fupi, nani amewahi kuiambia piano ina makengeza? Ralph Novak, fundi wa magitaa, kachukua hataza ya freti za hivi Marekani mwaka 1989, miaka yote hiyo habari haijavuka Msimbazi tu? Mtu anauza magitaa!! Angekuwa anauza nyanya ningemsamehe.

Lakini kinachoniuma hata sio koleo. Ni lile neno. Na kulinyanyua juu. Kwa nini alinyanyue juu?

Kidole_Gumba

Pole mkuu ila nimecheka mpaka mke wangu kaja kuuliza kuna nini. Weka picha tuone kama ukilisimamisha Posta linaangalia Kigamboni 😂

Mzee_wa_Rizimu

Kijana, mimi nimepiga dansi ukumbi hadi ukumbi na besi ya nyuzi nne, inchi 34 zilezile za Fender ya 1951, na watu walicheza mpaka viatu vikaisha soli. Uzi wa B haukutusumbua kwa sababu hatukuwa nao. Mnanunua magitaa ya kuelezea, sisi tulinunua ya kupiga.

Besi_ya_Chini

Shikamoo mzee wangu, heshima yako ipo palepale. Ila kwaya yetu nyimbo nusu ziko E bemoli na D, bila B nitashuka wapi? Na hata kama ningekuwa nimekosea kununua, mzee, ndio aniitie watu? "Njooni muone"! Kama nimeleta chatu!

Inchi37

Wewe shukuru ulibeba Ibanez. Ungempelekea besi ya Dingwall angeita polisi. Modeli zao za NG au Combustion za nyuzi tano zinaanza 34 kwenye G zinaishia 37 kwenye B, yako ukiiweka pembeni inaonekana imenyooka kama rula. Nilishika Combustion ya jamaa mmoja hotelini, ile B ni kama kinanda, inatoka nzima hata ukipiga kwa fujo. Piga hesabu mwenyewe, uzi uleule noti ileile, toka 34 kwenda 37 mkazo unapanda karibu asilimia 18, hiyo yako ya 35.5 unapata kama 9. Yaani umeenda nusu ya safari ukashuka.

Shida yake moja, nyuzi. Seti za kawaida za madukani B haifiki, lazima uagize zile ndefu, ikikatika Jumamosi usiku basi Jumapili unaimba tenori.

Besi_ya_Chini

Asante mkuu angalau wewe unajua kitu. Sasa fikiria mtu kama wewe angekuwa pale dukani, asingethubutu kusema makengeza.

Dada_Nyuzi5

Jamani na sisi wenye mikono midogo tusemewe. Ile 37 ukienda freti ya kwanza unanyoosha mkono kama unadai chenji kwa konda aliyeko mlangoni. Mimi natumia Ibanez EHB1005MS, haina kichwa, 33 kwa 35, nyepesi, nasimama nayo ibada mbili mfululizo bega haliniumi. B yake haina ule uzito wa Dingwall, nakubali, ila inasikika kila noti.

Na mafundi wote ndio walewale. Mimi yangu nilimpelekea mmoja (huyu si wa Kariakoo, yuko upande wa Mwenge, wanaomjua wanamjua), kwa sababu haina kichwa akaniuliza "kipande kingine umekiacha nyumbani?" Nikamwambia kaka nyuzi zinakazwa huku mkiani. Hakuamini mpaka leo.

Kidole_Gumba

Moja ina makengeza nyingine imekatwa kichwa, hiyo kwaya yenu ni wodi ya majeruhi 😂😂

Nasubiri_Januari

Mnaonunua sasa hivi mna haraka. Januari kuna NAMM, yale maonyesho ya vyombo vya muziki kule Anaheim, California, makampuni yanamwaga matoleo mapya, ndipo utajua. Mimi nataka maltiskeli ya nyuzi nne, tofauti iwe ndogo tu inchi moja, isiyo na betri, bei ya mtu wa kawaida. Watatoa, nina imani. Nimeshaweka hela pembeni.

Dada_Nyuzi5

Kaka wewe ulisema hivihivi Januari iliyopita. Na ile ya kabla yake. Unapigia nini Jumapili?

Nasubiri_Januari

Naazima.

Inchi37

Anaazima yangu. Na juzi kairudisha betri imekufa.

Bomba_la_Sauti

Mnabishana inchi za nini wakati mpiga mitambo anakusubiri? Uzi wa B ukiupiga bila kubana freti ni kama hezi 31, yule wa kanisani kwetu anakata kila kitu chini ya 100 eti inatikisa vioo vya madhabahu. Hata ulete gitaa lenye uzi toka Ubungo mpaka Kibaha, kwenye spika inatoka sauti ya nzi ndani ya chupa.

Dada_Nyuzi5

UMEGUSA KIDONDA. Wa kwetu kaniambia besi "inahisiwa, haisikiki". Mwezi wa tatu huu nahisiwa!

Mzee_wa_Rizimu

Hapo niko na ninyi. Mpiga mitambo ni adui toka enzi na enzi.

Inchi37

Mimi wa kwetu anashusha besi wakati wa sebene. WAKATI WA SEBENE. Watu wamesimama, leso zinapepea, yeye kainama anashusha.

Besi_ya_Chini

Wakuu turudi kwenye mada jamani, mtu kaniambia gitaa langu lina makengeza na bado sijapata nyuzi.

Bomba_la_Sauti

Mimi nimeshakata tamaa, nabeba spika yangu mwenyewe, naiweka nyuma ya wapiga ngoma, mpiga mitambo aendelee kuzungusha vitufe vyake huko. Kuna mwenye spika ya inchi 15 anayeuza?

Kidole_Gumba

Ninayo Mbagala, kava limepasuka kidogo tu.

Bomba_la_Sauti

Inaunguruma au inakohoa?

Kidole_Gumba

Inaunguruma. Njoo nayo gitaa ujaribu, ila njoo na la kawaida.