Kususia kura: anayeumia ni nani?

Wadau, kila uchaguzi ukikaribia hoja hii hurudi, na safari hii naomba tuijadili hadi mwisho. Wapo wanaosema: "Sipigi kura. Wagombea wote ni walewale, na nikibaki nyumbani watajua nimewachoka." Uchungu wao nauelewa, wengi ni watu walioahidiwa mengi wakatelekezwa. Ila hilo la kwamba "watajua" nalipinga kabisa.

Hebu itazame fomu ya matokeo inayojazwa kura zikishahesabiwa. Ina waliojiandikisha, waliopiga, kura halali, kura zilizoharibika, kisha kura za kila mgombea. Nafasi ya aliyebaki nyumbani kwa hasira haimo. Anatiwa kapu moja na mgonjwa, msafiri, aliyesahau, na marehemu ambaye jina lake halijafutwa kwenye daftari. Kiti nacho hutolewa kwa kura zilizopigwa. Aliyeshinda kwa kura 3,000 na aliyeshinda kwa 30,000 wanakula kiapo kilekile na wana mamlaka yaleyale.

Mwaka 2005 vyama vikuu vya upinzani Venezuela vilijitoa siku chache kabla ya uchaguzi wa bunge. Waliojitokeza walikuwa takriban robo tu ya wapigakura. Kama kususia kunatuma ujumbe, basi ule ulikuwa ujumbe mzito kweli. Matokeo yake? Viti vyote 167 vikaenda kwa chama cha Hugo Chávez, rais wa wakati huo, na washirika wake. Uchaguzi wa 2010 ulipofika, upinzani ulirudi ulingoni. Bangladesh nako, mwaka 2014, upinzani ulisusa, na wagombea katika majimbo 153 kati ya 300 wakapita bila kupingwa. Serikali haikuanguka.

Najua kuna atakayeniletea Italia, na ana haki. Kule kura ya maoni ya kufuta sheria haina nguvu mpaka zaidi ya nusu ya wenye haki ya kupiga kura wajitokeze. Juni 2025 maswali matano kuhusu ajira na uraia yalikwama kwa sababu walifika takriban asilimia 30 tu. Pale kubaki nyumbani kulifanya kazi, lakini ni kwa sababu sheria yenyewe imekupa nguvu hiyo. Kwenye uchaguzi wa wabunge na marais ni nadra sana kukuta sharti kama hilo.

Mwenye hasira aitazame India. Tangu 2013 mashine zao za kura zina kitufe cha kuwakataa wagombea wote. Jimbo la Indore, mwaka 2024, mgombea mkuu wa upinzani alijitoa, na wapigakura zaidi ya 200,000 wakabonyeza kitufe hicho. Mgombea wa chama tawala alishinda vilevile, tena kwa mbali, kwa kuwa kitufe hicho hakimzuii mtu kuchukua kiti. Lakini watu wale walihesabiwa, idadi yao ikatangazwa, na hakuna anayeweza kudai walikuwa wamelala. Wangebaki nyumbani, nani angejua?

Kuhusu "kura yangu moja haibadilishi kitu": katika uchaguzi wa Zanzibar wa Januari 1961, kiti cha Chake Chake, Pemba, kiliamuliwa kwa kura moja, kikaenda kwa chama cha ASP. Kwa jumla ASP ikapata viti 10, na vyama vingine viwili, ZNP ikapata 9 na ZPPP 3. Wabunge wa ZPPP walipogawanyika pande mbili zikawa 11 kwa 11, na uchaguzi ukarudiwa Juni. Hata hivyo siegemei sana mfano huu, maana mambo ya namna hii hutokea mara chache. Sababu yangu kubwa ni nyingine: kura ni siri, kujitokeza si siri. Vyama vinajua maeneo gani hufurika vituoni na yapi hayaonekani, na ahadi, mikutano na bajeti hufuata njia hiyo. Vijana wakiwa ndio wasiojitokeza, mambo yao yanawekwa mwisho wa orodha, hata kama mgombea anawapenda kwa dhati.

Hoja ngumu kuliko zote ni ya wizi: nipige kura ya nini kama itaibiwa? Hapa nakubali kwamba kura peke yake haitoshi. Inataka mawakala wasiotoka kituoni, hesabu ifanywe mbele yao na fomu zitiwe saini palepale. Gambia, Desemba 2016, mpigakura alipewa gololi moja, akaitumbukiza kwenye pipa la mgombea wake. Ndani mna kengele, na maofisa husikiliza ilie mara moja tu. Jioni gololi zilimiminwa kwenye trei zenye matundu, zikahesabiwa palepale kituoni huku mawakala wakitazama. Yahya Jammeh, aliyetawala tangu mapinduzi ya 1994, akashindwa. Akakiri, kisha akageuka, na ilibidi mataifa ya Afrika Magharibi yamshinikize hadi akaondoka Januari 2017. Shinikizo hilo lilikuwa na pa kusimamia kwa sababu watu walikuwa wamepiga kura na hesabu ilikuwepo. Wangesusia, wangemdai Jammeh kwa ushahidi gani?

Kwa hiyo swali langu kwa mnaotetea kususia ni hili: nipeni uchaguzi wa kugombea viti ambapo waliobaki nyumbani walipata walichokitaka kwa kubaki nyumbani tu, bila maandamano, bila mahakama, bila mazungumzo yaliyofuata. Tajeni nchi na mwaka, tuanzie hapo.